Karakana ya pamoja Pasua: mafunzo yana wafadhili, LUKU inalipwa na nani?

FundiDada wa Pasua (Moshi)

Wakuu habari za jioni, na wakubwa zangu mliomo humu shikamooni. Naomba mnisome mpaka mwisho. Jambo hili lina mwaka wa tatu kichwani kwangu, na mwezi huu limenifikisha mahali siwezi tena kuamua peke yangu.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Nilisoma chuo cha ufundi cha VETA hapa hapa Moshi, nikafanya kibarua kwenye karakana za watu miaka sita, kisha nikapanga uwanja wenye banda Pasua nikaanza kutengeneza mageti na madirisha. Karakana ya pamoja sikuipanga. Ilianza na mzee mmoja mfuga nyuki kutoka Uru, alikuja na pipa la plastiki na rimu ya baiskeli, akaniambia, "Mwanangu, hela ya ufundi sina, ila ninachokitaka ninakijua. Niazime vifaa, na mahali nitakapokosea unielekeze." Tulihangaika siku nne. Akaondoka na mashine ya kukamulia asali ya kuzungusha kwa mkono, na mpaka leo anaitumia.

Habari zikaenda. Akaja kijana mwenye wazo la kupukuchua mahindi kwa pedeli. Wakaja mama watatu wanaouza ndizi soko la Mbuyuni. Leo tuko 26, kila mmoja ana biashara yake, lakini wote tunatumia mashine ile ile ya kuchomelea, grenda zile zile mbili, vaisi ile ile.

Naomba niwaeleze kidogo cha hao mama, ili muone ni kitu gani nakipigania. Walikuwa wanatupa ndizi kila wiki. Ndizi ikishaiva sana sokoni haina mnunuzi, na mkungu wa mshare ukishatoka mlimani haurudi. Wakataka kikaushio cha jua. Cha kwanza tulikitengeneza kwa trei za wavu wa chuma, ule wa madirisha, maana ndio uliokuwepo. Ndizi zikakauka vizuri kabisa, lakini kila kipande kilikuwa na mistari myeusi chini, kama kimepigwa muhuri wa wavu. Utomvu wa ndizi na chuma havipatani. Mama mmoja alikaa chini akazigeuza kipande kimoja kimoja bila kusema neno. Cha pili tukaweka wavu wa plastiki, tukainua miguu ili upepo uingie kwa chini, tukaacha nafasi juu unyevu utokee. Kikakubali. Jua likiwa zuri ni siku mbili. Mwezi wa sita na wa saba mlima ukijifunika ni siku tatu hadi nne, na hapo inabidi ukate vipande vyembamba zaidi. Vikishakauka wanasaga, wanauza unga wa uji. Kitu hicho hakikutoka kwa mtaalamu yeyote, kilitoka kwa watu waliokuwa na mahali pa kukosea mara ya kwanza na kurudia.

Sasa mahali penyewe. Kodi ni 120,000 kwa mwezi, na mwenye uwanja anataka ya miezi sita kwa mkupuo. LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, haipungui 70,000. Diski za grenda, rodi za kuchomelea na vikorokoro vingine ni kama 45,000. Mlinzi tunachangia na majirani, fungu letu 40,000. Jumla 275,000. Tulikubaliana kila mmoja atoe 10,000 kwa mwezi. Hata wangetoa wote 26 isingefika, na mwezi uliopita walitoa 11. Zile 165,000 zilizopungua nimeziziba kwa hela ya mageti. Mume wangu hajalalamika hata siku moja, lakini ada ya mtoto wetu wa pili imechelewa mara mbili mwaka huu, na ninayejua ilikoenda ni mimi.

Nikienda kukopa naulizwa biashara ni ipi. Ndizi ni biashara, asali ni biashara. Lakini grenda ambayo asubuhi iko kwa mtu wa nyuki na jioni iko kwa mtu wa mahindi, inakopewa kwa jina la nani, na rejesho analeta nani?

Na wafadhili nimewaona. Mwaka juzi kuna shirika, jina naliacha, walitupenda wakatupa mafunzo ya siku tano hotelini. Mafunzo yalikuwa mazuri, nisiwanyime haki yao, pale ndipo nilipojifunza kuhesabu muda wangu ndani ya bei. Lakini nilipoomba sehemu ndogo tu iende kwenye umeme nikajibiwa kifungu ni cha mafunzo. Siku ya kukabidhi vyeti uniti ziliisha asubuhi. Wageni walifika karakana iko kimya, tukapigia picha nje.

Mwezi huu wamekuja wengine. Wanatoa milioni 18 kwa miaka miwili. Kati ya hizo milioni 13 ni mashine moja ya kukata chuma kwa kompyuta, na nilipouliza nikaambiwa inataka umeme wa fezi tatu. Sisi tuna fezi moja. Zinazobaki ni mafunzo na safari za kujifunza. Wenzangu wengi wanasema tupokee, hela haikataliwi. Nimeomba wiki mbili za kufikiri.

Ninachouliza: kuna mtu humu amewahi kuendesha kitu cha pamoja cha namna hii, karakana, jiko la kusindika, chochote, kikajilipia? Zile gharama zisizo na mwenyewe mlizipeleka wapi? Na hizi milioni 18, ningekuwa mdogo wenu wa damu mngenishauri nini?

---

Mtengeneza Majiko (Mbauda, Arusha)

Dada hongera sana, na pole. Nimesoma mara mbili. Sisi tuko mafundi tisa kwenye uwanja mmoja, tunatengeneza majiko banifu na vifaa vya kuku, na tulipita mahali hapo hapo ulipo.

Acha kutoza kwa mwezi. Mwezi haujui nani ametumia nini. Huyo wa asali anachomelea mara mbili kwa mwaka, ukimdai 10,000 kila mwezi anaona anaonewa, na kweli anaonewa. Anayechomelea kila siku naye analipa 10,000 hiyo hiyo. Hao 15 ambao hawakulipa, angalia vizuri, wengi watakuwa wale wasiofika mara kwa mara.

Sisi tuliweka daftari kwenye meza chini ya mita. Ukiingia unasoma LUKU inaonyesha ngapi, unaandika. Ukimaliza unasoma tena, unaandika. Tofauti ndiyo yako, unalipa kabla hujatoka. Siku za kwanza watu walinuna, waliona kama hatuaminiani. Wiki ya tatu wakaanza wao wenyewe kuambiana "umesahau kusoma". Kuna mmoja aligundua grenda yake mwenyewe aliyoileta kutoka nyumbani inakula umeme kuliko zetu, kumbe bearingi zimekufa.

Juu ya umeme tukaweka 500 kila mtu anapowasha mashine ya kuchomelea, hiyo ni ya uchakavu. Inaingia kwenye kopo lenye kufuli, funguo anakaa nayo mtu asiye na cheo. Mwezi wa tano mashine iliungua koili. Zamani tungesimama wiki tatu tukichangishana. Safari hii tulifungua kopo, fundi wa kusuka koili akalipwa, siku ya tatu tukawasha.

Kodi sisi tunagawana kwa meta. Mwenye meza ya kudumu analipa zaidi, mpita njia halipi. Hilo la kodi kwako ni gumu zaidi kwa sababu wengi wenu ni wapita njia, na sina dawa yake.

---

FundiDada wa Pasua

Kaka nashukuru sana. Hili la kusoma mita kesho naanza. Lakini nina hofu na wale wanaoanza kabisa. Yule kijana wa mahindi alikuja bila hata nauli. Angeambiwa alipe kila anapowasha asingerudi siku ya pili, na mashine yake leo inapukuchua mahindi ya mtaa mzima. Hao wanaojaribu nani awalipie?

---

Mama Maziwa (Tengeru)

Dada yangu, mimi ni mweka hazina wa kikundi cha wanawake 12, tunasindika maziwa mtindi. Nakueleza la halmashauri kwa sababu tumelipitia, na naona ndani yake kuna mlango wenu ambao hujauona.

Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, tangu 2018 imo ndani ya sheria na haina riba. Aprili 2023 serikali iliisimamisha ili utaratibu urekebishwe, ikarudi 2024. Sisi maombi yetu yalinaswa katikati. Barua zote tulishapeleka, tukakaa zaidi ya mwaka tukitengeneza mtindi kwa sufuria zile zile za nyumbani. Nakwambia hili ili usiweke kodi ya karakana juu ya hela ambayo haijaingia.

Swali lako ni sahihi, karakana yenu kama karakana itapata shida kukopeshwa. Watakuuliza mnazalisha nini, mnauza wapi, marejesho yanatoka kwenye faida gani. Ukisema tunaazimana grenda, afisa maendeleo ya jamii hana mahali pa kukuandika, hata akikupenda vipi.

Geuza. Asiyekopesheka ni karakana, lakini mama wa ndizi wanakopesheka. Wasajili kikundi chao, wawe na katiba, akaunti, muhtasari wa vikao, wapitie kwa mtendaji wa mtaa na wa kata. Wakiomba mkopo wanaeleza biashara ya unga wa ndizi, na kwenye mahitaji yao wanaandika vikaushio. Vikaushio vinatengenezwa wapi? Kwako. Karakana inatoa profoma, yaani ankara ya bei kabla ya kuuza, kwa hiyo ni lazima iwe na TIN (namba ya mlipakodi) na jina lililosajiliwa. Hela ya mkopo inaingia karakana kama malipo ya mteja, na hutadaiwa rejesho hata shilingi. Sisi ndivyo tulivyompata fundi wetu wa matenki. Alikuwa kijana anayehangaika na vyombo vya kuazima, tukamlipa vizuri, na siku hizi vikundi viwili vingine vimemfuata.

Ila mama hao wasikope vikaushio vingi kuliko soko lao. Sisi tulitaka majokofu mawili, mume wa mwenyekiti akatuuliza mnauza lita ngapi kwa siku. Tukachukua moja.

Na wakitaka unga uingie maduka makubwa waende SIDO, shirika la viwanda vidogo, wapate barua ya utambulisho ya kupeleka TBS, shirika la viwango. Mjasiriamali mdogo anayepita njia hiyo hubebewa gharama za mwanzo za nembo ya ubora. Wengi hawajui, wanaogopa TBS kwa kusikia tu.

---

Bwana Ushirika Mstaafu (Rau, Moshi)

Marahaba mwanangu. Nimefanya kazi ya ushirika miaka mingi, nilisoma hapo Chuo cha Ushirika tulipokuwa bado tunakiita hivyo, kabla hakijawa chuo kikuu mwaka 2014. Macho yamechoka, kwa hiyo utanivumilia nikiandika polepole.

Swali lako la hao wanaojaribu ndilo nililolisubiri. Mama wa Tengeru amekuonyesha mahali pa kupata mteja. Mimi nakuonyesha mahali pa kupata akiba.

Hapa mlimani jambo hili si geni. Wakulima wa kahawa waliunda chama chao mwaka 1925, wakati wa Joseph Merinyo, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima hao wa Kilimanjaro. Mkulima mmoja mwenye vihamba (mashamba ya nyumbani) vyake viwili hakuweza kuwa na ghala, wala mtu wa kupima ubora, wala wa kumtafutia mnunuzi. Vyote hivyo vilikuwa vya wote. Umewahi kujiuliza vililipwaje? Hakuna aliyepita nyumba kwa nyumba kuomba mchango wa ghala. Kahawa ilipoletwa, ikapimwa, ikauzwa, chama kilikata kiasi kidogo kwenye kila kilo kabla mkulima hajashika fedha yake. Sisi tunaita makato. Makato hayaumi kama mchango, kwa sababu mchango unautoa mfukoni, na makato yanatoka kwenye kitu ambacho bila chama usingekipata.

Wewe umekuwa ukiomba michango. Anza makato. Kila kinachotengenezwa hapo kwa ajili ya kuuzwa, kikaushio, mashine ya mahindi, mzinga, mkate fungu kidogo siku ya malipo. Asiyeuza hakatwi. Kijana anayejaribu hakatwi mpaka auze, na akiuza anakatwa kama wenzake, na fungu lake ndilo litakalomwashia umeme anayefuata. Kiasi chake mkiamue kwenye kikao, kiandikwe, na kisibadilishwe na mtu mmoja hata akiwa wewe.

Nisikufiche. Makato yana hatari yake. Nimeona vyama vya msingi ambavyo makato yaliongezwa kidogo kidogo, la hiki, la kile, mpaka mkulima akaanza kuuza kahawa usiku kwa mlanguzi. Nimekaa kwenye mkutano mkuu ambapo mjumbe mmoja alisimama akauliza, "Makato ya mwaka jana yalinunua nini?" na meza kuu hapakuwa na mtu wa kumjibu. Tangu siku ile chama kile hakikupona. Kwa hiyo bandika ukutani. Zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki, kila mwisho wa mwezi, kwa maandishi makubwa ambayo hata mimi ningeyasoma.

---

Kijana Mbunifu (Sakina, Arusha)

Shikamoo mzee. Dada, mimi naongelea hizo milioni 18 tu, hayo mengine yameshasemwa na wanaojua.

Niliwahi kushinda fedha kwenye shindano la ubunifu, silitaji jina. Nilikuwa na kifaa cha kupima unyevu wa udongo. Nilipewa fedha, nikanunua vifaa kama walivyoelekeza, vingine hata sikuvihitaji. Mwezi wa nane kifaa kimoja kikafa, spea hakuna Arusha, hakuna Dar, na mradi umeshafungwa. Bado kiko chini ya kitanda changu. Nilivunjika moyo kiasi kwamba nilikaa mwaka mzima bila kugusa waya wa kulehemia.

Nikaanza kuwaangalia waliofanikiwa walifanya nini. Hapa kwetu kuna mfano wa Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, mtoto wa kijiji cha Gongali kule Karatu. Mwaka 2015 chujio lake la maji lilishinda tuzo ya ubunifu wa kihandisi Afrika inayotolewa na taasisi ya wahandisi ya Uingereza (Royal Academy of Engineering), pauni 25,000. Wengi wanakumbuka tuzo. Kilichonigusa mimi ni kilichofuata, vile vituo ambapo mjasiriamali anapata chujio, anauza maji safi kwa majirani, na analipia kutokana na anachouza. Chujio likawa na mtu wa kulitunza kila siku kwa sababu ndilo linalomlisha.

Sasa mashine ya milioni 13. Nani anailisha, na inamlisha nani? Jiulize kwa wiki ya kawaida, Jumatatu hadi Jumamosi, ni kazi gani mnayokataa leo kwa kukosa mashine hiyo. Ukipata kazi tano, ipokee na upambanie fezi tatu. Ukipata sifuri, jibu unalo.

Lakini usiwakatae wafadhili. Waandikie. Mimi nimekuja kujua baadaye kwamba bajeti nyingi zinabadilika kabla ya kusaini, baada ya kusaini ndipo zinakuwa jiwe. Waambie ukweli kama ulivyotuambia sisi, hadithi ya wavu wa chuma na mistari myeusi, na zile picha zilizopigwa nje. Omba kodi ya miaka miwili. Omba mita yenu wenyewe. Omba mshahara wa saa chache za mtu wa kuwaelekeza wapya, maana sasa hivi mtu huyo ni wewe na unajitolea. Vifaa viandikwe kwa jina la kikundi. Na uliza kwa maandishi: mradi ukiisha, vifaa vinabaki kwa nani?

Kitu cha mwisho, hapa Arusha kuna TEMDO na CAMARTEC, kazi yao ni kubuni mashine na zana. Kabla hamjatengeneza vikaushio vingi nenda na kimoja, waombe wakitazame. Mimi nilichelewa kugonga mlango huo.

---

FundiDada wa Pasua

Nimerudi baada ya siku 12. Sikutaka kuandika kabla sijafanya.

Daftari liko chini ya mita tangu siku ya pili. Kaka wa Mbauda, ulisema watanuna, walinuna kweli. Lakini nimejifunza kitu ambacho miaka mitatu sikukijua: kukata na kuchomelea fremu ya kikaushio kimoja kunakula uniti 7, kama shilingi 2,500. Nilikuwa nadhani ni mara nne ya hiyo. Na nimegundua anayekula umeme kuliko wote ni mimi na mageti yangu. Nilikuwa najiona ninawabeba wenzangu, kumbe sehemu ya zile 165,000 ilikuwa deni langu mwenyewe. Niliwaambia kwenye kikao, mbele ya wote, na mzee wa Uru akasema, "Afadhali umesema wewe."

Kikao tulikaa Jumapili baada ya ibada, walikuja 21. Nilisoma hapa hapa kwenye simu maneno ya Bwana Ushirika, yote, hata ile ya mkutano mkuu. Palikuwa kimya. Tumekubaliana makato ya 5 kwa kila 100 kwa kinachouzwa, anayejaribu hakatwi, na hayo 5 hayaguswi mpaka mwaka mmoja upite. Ubao umepigwa rangi, umetundikwa mlangoni. Mama mmoja wa ndizi ndiye mwenye funguo ya kopo, hakutaka, tukamwomba.

Mama wa Tengeru, aika (asante) sana. Wale watatu wamepata wenzao wanne, wote wa Mbuyuni, wamefika kwa mtendaji wa kata na wana rasimu ya katiba. Wanaandika vikaushio vitatu tu. Nilitaka waandike vitano, nikakumbuka jokofu lenu nikanyamaza.

Wafadhili niliwaandikia kurasa mbili kwa Kiswahili, binti wa jirani anayesoma chuo akatafsiri. Niliuliza swali la Sakina la Jumatatu hadi Jumamosi, nikalijibu mwenyewe: kazi ninazokataa kwa wiki ni za kukunja bomba la duara, si za kukata bati. Nikaomba mashine ya kukunjia bomba ya mkono, kodi ya miaka miwili, na saa 10 kwa wiki za mtu wa kuelekeza. Jumla haifiki hata milioni 9. Wamejibu jana. Hawakukataa. Wamesema mashine na saa za kuelekeza wanaweza kuzipeleka kwa wakubwa wao, kodi ni ngumu, wanataka kujua kwanza karakana ni mali ya nani kisheria.

Na hapo ndipo nimekwama tena. Uwanja ni wa mwenye nyumba, mashine ya kuchomelea ni yangu, grenda moja ni ya kijana wa mahindi, vaisi tulichanga. Sasa tunaandikisha nini? Kikundi cha kijamii, kampuni, au ushirika? Bwana Ushirika, kama macho yanaruhusu.

---

Bwana Ushirika Mstaafu

Yanaruhusu asubuhi.

Usikimbilie jina. Chukueni karatasi, andikeni kila kifaa na mwenyewe, na mwenye kifaa aseme mbele ya wote: nakiazima, nakiuza kwa kikundi, au nakichukua nikiondoka. Mashine yako ya kuchomelea, mwanangu, anza na hiyo. Ukiiuzia kikundi, ipimeni bei ya leo, si ya siku ulipoinunua, mlipane kidogo kidogo kutoka kwenye makato baada ya mwaka wenu kupita. Ukiitoa bure leo kwa moyo mzuri, siku mtakapogombana utaikumbuka.

Orodha hiyo ikikamilika, njoo nayo. Kampuni ina hisa, mwenye nyingi ana sauti kubwa. Ushirika kila mtu ana kura moja, hata mwenye vaisi tu. Kwa namna mnavyoishi naona ushirika, lakini vitabu vyake vinataka kukaguliwa na ni kazi. Afisa ushirika wa manispaa atakuelekeza bila malipo. Nenda na mama mwenye funguo, si peke yako.

---

FundiDada wa Pasua

Shikamoo mzee, nimekuelewa. Orodha tunaiandika Jumamosi. La mashine yangu nimezungumza na mume wangu usiku wa jana. Amesema niiuze kwa kikundi, na rejesho la kwanza liende kwenye ada.